Namna Nilivyomhamisha Salima

Wanangu, hadithi zenu nimezisoma. Zote mlizonitumia kwenye simu, hadi ile ndefu ya kijana wa Kavimvira iliyoniunguzia maharage. Mnaandika vizuri kuliko sisi tulipokuwa na umri wenu, na nalisema hilo bila wivu, au kwa wivu kidogo tu. Lakini karibu katika zote ziwa lina hasira. Ziwa linanguruma kwa hasira, ziwa linalipiza kisasi, ziwa linadai chake. Nilivua miwani nikacheka peke yangu jikoni. Tanganyika haijui hata majina yenu, iwakasirikie kwa lipi?

Mmeniomba niwaambie namna ya kuingiza sayansi ndani ya hadithi bila hadithi kugeuka somo la darasani. Mimi si profesa. Nimeandika mchezo wa redio hapa Uvira hadi macho yakachoka, kila wiki kipindi kimoja. Watu wanazungumza, wanagombana, wanaoana, na katikati yao kuna ziwa, mvua, samaki na magonjwa. Ninyi mnaandika riwaya, maneno yenu yatakaa kwenye vitabu. Yangu yalikuwa yanapotelea hewani kipindi kikiisha. Kazi lakini ni ileile. Basi nitawaeleza nilivyojifunza, bila mpangilio, kama ninavyokumbuka, na humo humo nitafika kwa Bi Tatu, mama wa mtaa wa Kalundu aliyekataa kutoka kwenye nyumba iliyoingia maji mpaka jirani yake wa redioni atoke kwanza.

Mwanzoni nilijiona nalijua ziwa kwa sababu nilikuwa nakula samaki wake tangu utotoni. Mimi ni mtoto wa bondeni, upande wa Ruzizi. Baba yangu alilima mpunga. Nikaandika kipindi kizuri sana: kijana yuko majini anavua ndagala, dagaa wa ziwa letu, mwezi mkubwa unang'aa, anamfikiria mchumba wake. Kesho yake wavuvi walifika mlangoni kwa redio, kundi zima, wameshikana mabega kwa kicheko.

"Nani aliandika ile?" mmoja akauliza. "Ule kijana anavua ndagala na mwezi mukubwa? Taa anaiwasha juu ya nini, ajione sura?"

Ndagala huvuliwa gizani, kwa taa, maana wanaufuata mwanga. Mwezi ukijaa mwanga uko kila mahali, samaki wanatawanyika, na wavuvi wanabaki nyumbani wakishona nyavu zao na kugombana na wake zao. Kila mtoto wa Kalundu anajua hilo. Kwa muda mrefu wauzaji wa ndagala sokoni waliniita Mama Mwezi, na nikiuliza bei walinijibu niende nikavue mwenyewe kwa mwezi wangu. Tangu hapo sikuandika jambo lolote la majini kabla ya kumuuliza mtu ambaye nguo zake zinanuka samaki.

Tena msidhani kitu cha kweli kinasikika kweli. Tulikwenda ufukweni na mashine ya kurekodia, tukachukua mawimbi yenyewe, tukarudi tunajivuna. Kwenye redio yalisikika kama mtu anakaanga mandazi. Mpaka tukagundua beseni la plastiki, maji nusu, na kitenge kilicholowa unachokivuta taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hilo ndilo ziwa ambalo Uvira nzima ilisikiliza miaka yote hiyo. Na ng'ombe! Kwa kipindi cha wafugaji nilimwomba mwenzetu mmoja mwenye kifua kikubwa aige mlio. Baada ya siku chache alifika mzee mmoja mfugaji, ametelemka kutoka Rurambo kwa shughuli zake, fimbo begani, akatuambia kwa upole kabisa: "Mwenye ule ng'ombe amutafutie dawa. Iko na shida mu tumbo." Hakuwa anatania. Nilimshukuru, na katika kipindi kilichofuata ng'ombe alipata dawa akapona.

Sasa nije kwa Dokta Kashindi. Huyu hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa msomi wa maji, mtu wa kupima kina cha ziwa, joto lake na vijidudu vyake, mrefu, mwembamba, suruali zake daima zimekunjwa hadi magotini hata akiwa kanisani. Nilimwendea baada ya aibu ya mwezi, nikamwomba asome maandishi yangu kabla hayajarekodiwa. Alikubali mara moja, na ndipo taabu yangu ilipoanza, kwa sababu mtu yule alipenda neno moja kuliko mke wake: labda.

Nikiandika "Mwaka huu ziwa litapanda", yeye anatia labda. Nikiandika "Kipindupindu kimetoka kwenye mto ule", anatia labda. Waigizaji walimchukia. Nabintu, aliyekuwa sauti ya Salima, mhusika wetu mkuu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa dirisha, alinijia siku moja na karatasi mkononi.

"Mama Neema, hapa nimehesabu labda mpaka nimechoka. Muntu ya kusema labda, labda, labda, nani atamusikiliza? Pasta anasema mayi inapanda juu ya zambi zetu, na hasemake labda."

Alikuwa na haki, na nilikaa na neno lake wiki nzima. Mtaani kwetu anayesema kwa uhakika ndiye anayepata wasikilizaji. Mmoja anasema ni dhambi, mwingine anasema ni uchawi wa ng'ambo, mwingine anayetaka kura anasema atajenga ukuta ziwa lisimame. Halafu anakuja Dokta na suruali yake iliyokunjwa, anasema mvua milimani zimekuwa nyingi, mito yote inamwaga huku, na njia ya maji kutoka ni moja tu, mbali kule kusini, Lukuga, nayo inajaa matope na majani, kwa hiyo labda. Nani atamsikiliza?

Nikafanya hivi. Nilimpa Salima beseni. Salima wangu, kwa ambao hamkuwa mmezaliwa, alikuwa mjane wa kutungwa, muuza vitambaa, mdomo mkali, nyumba yake karibu na maji. Nikamweka anaosha vyombo, beseni lina tundu dogo ubavuni limezibwa na ukoko wa ugali, mjukuu anamwagia maji juu, beseni linafurika miguuni. Salima anapiga kelele: "Weye! Unaongeza na tundu iko imeziba, yatapita wapi?" Halafu analigeukia ziwa: "Na weye, Lukuga yako imeziba na nini?" Basi, hakuna profesa. Watu sokoni walianza kusema, Lukuga imeziba na ukoko. Dokta alipolisikia hilo alishika kichwa, akasema si sahihi kabisa, ni sahihi nusu. Nikamwambia nusu inayokaa kichwani ni bora kuliko nzima inayotorokea dirishani. Hakukubali. Hadi leo hajakubali, na akija kunisalimu huanza na hilo. Nampenda sana mtu yule.

Kuhusu ile labda, nilimwachia Salima aitumie mara moja moja, na kwa sababu alikuwa mwanamke wa kusema mambo kwa nguvu, alipofika kwenye labda watu walisimamisha vijiko. Zingatieni hilo mnapoandika: wasiwasi mpeni mtu jasiri.

Wakati huo maji yalikuwa yanapanda kweli. Hamhitaji nisimulie, wengine wenu mlihama mkiwa mgongoni mwa mama zenu, wengine shule zenu zilibaki mapaa tu. Mitaa ya chini iliingia maji pole pole, bila fujo, leo uwanjani, wiki ijayo kizingitini. Ndiyo sababu hasira ya ziwa inanichekesha. Lilikuja kama mgeni anayesogeza kiti chake karibu kila ukitazama pembeni.

Asubuhi moja alinijia mwanamume mzima, fundi wa pikipiki, mikono ina mafuta, akasimama mlangoni kwa redio akiikunja kofia yake.

"Mama Neema, minye njo Ramazani, mutoto ya Bi Tatu wa Kalundu. Nimekuya kukuomba kitu moja. Uhamishe Salima."

"Salima gani?"

"Ule wa mu redio."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mama anakatala kutoka mu nyumba," akasema. "Majirani wote wameenda. Namuambia tuende kwangu Kasenga, kule juu, anasema: Salima angali kwake, minye nikimbie wapi? Mayi iko mu chumba, mama. Ukuta ya nyuma imepasuka, ni matofali mabichi. Juzi kiboko ilikuwa inasimama ku barza. Itamuangukia, ile nyumba, na minye niko naangalia tu."

Macho yake yalikuwa yamejaa. Mtu mzima, amekuja kumwomba mwandishi amtoe mama yake kwenye hatari. Wanangu, hakuna aliyenifundisha la kufanya siku kama ile. Nilimpa neno langu kwamba wiki hiyohiyo Salima atahama.

Nikaandika kwa haraka na kwa moto. Wana wa Salima wanafika na lori, wanabeba godoro, wanambeba na yeye akilia, lori linaondoka, na nyuma yao wimbi linaimeza nyumba. Ndiyo, linaimeza. Niliandika hivyo mimi mwenyewe ninayewacheka ninyi. Dokta alikata wimbi, akasema maji haya yanalowesha, hayamezi. Nikalirudisha kwa siri. Tukarusha.

Kesho yake Ramazani alikuwa mlangoni tena.

"Mama amezima redio," akasema. "Anasema ule si Salima."

Basi nikaenda mwenyewe. Pikipiki ilinifikisha mwisho wa barabara kavu, halafu Ramazani akaniongoza juu ya mbao na mifuko ya mchanga. Sikuwa nimeshuka kule tangu maji yaingie. Nyumba baada ya nyumba, milango imeng'olewa, madirisha yameng'olewa, maji ya kahawia yametulia ndani ya vyumba. Na hakuna sauti ya mtu, Kalundu ile ya kelele! Nilitaka kurudi.

Bi Tatu alikuwa amekaa juu ya kitanda, kitanda kiko juu ya matofali, mbabula yake, jiko la mkaa, iko juu ya meza inachemsha chai ya tangawizi. Mwanamke mdogo wa umbo, mtandio mweupe, mgongo umenyooka. Wazee wake walikuja na biashara ya ziwa zamani na Kiswahili chake kilikuwa na adabu fulani ambayo sisi wa bondeni hatuna. Alinikaribisha kana kwamba sakafu ni kavu. Akanipa kiti, na kigoda cha kuwekea miguu.

"Bibi," nikaanza, "Salima unajua ni wa kutungwa. Mimi njo namtunga."

"Najua. Minye siko mujinga." Alinimiminia chai. "Lakini weye unamuleta ku mulango yangu kila wiki. Anakaa hapa, anasema maneno yangu, ananichekesha. Kiisha unaniambia hayuko?"

Nikauliza kwa nini alizima redio.

"Mwanangu, mutu anahama bila kuaga? Ameiba nini, huyo Salima? Amekaa na watu maisha yake yote, wamemuzalisha, wamemuzikia bwana, kiisha anapanda lori kama gunia ya mihogo? Salima hawezi kufanya vile. Salima angepita mulango kwa mulango. Angesema, jirani, naenda, kama nilikukosea unisamehe."

"Lakini Bibi, majirani wamekwisha kwenda."

Hapo uso wake ulibadilika. Aliweka kikombe.

"Ndiyo. Wamekwenda. Mama Sifa aliondoka minye niko naswali. Yule karani wa upande ule, alitoka na mvua, niliona tu mulango iko wazi. Wote. Hakuna hata mmoja aliniaga." Kisha akasema polepole: "Sasa minye nitamuaga nani?"

Kumbe hilo ndilo lilikuwa limemfunga pale. Maji aliyaelewa vizuri. Alipokuwa msichana aliwahi kuyaona yakipanda na yakirudi, na alikuwa hayaogopi kupita kiasi. Alishindwa tu kuondoka mtaani kama mtu aliyefukuzwa, na watu wa kuagana nao walikuwa hawapo. Nilikunywa chai yangu yote. Nilitamani kumkumbatia na sikuthubutu.

Kutoka kwake nilikwenda moja kwa moja kwa Dokta Kashindi, viatu vinatoa maji. Nilimweleza. Nikamuuliza kama ziwa litarudi.

"Labda," akasema, na mara hii sikumkasirikia. "Zamani lilipanda, likashuka. Lakini linashuka polepole sana, mama. Ukuta wa matofali mabichi hauwezi kulisubiri."

"Kwa hiyo Bi Tatu hakosei."

"Hakosei. Na akibaki atakufa. Yote mawili ni kweli."

Nikamwambia nataka Salima azunguke kwenye nyumba zilizo tupu, aingie kwenye maji, apige hodi mlango kwa mlango, aage. Dokta aliruka kutoka kwenye kiti.

"Ndani ya yale maji? Pekupeku? Yale maji yamepita kwenye vyoo vya mtaa mzima! Hapana. Umvalishe mabuti ya mpira. Na akifika anawe kwa sabuni. Bila mabuti mimi sisaini."

"Dokta, huyu mwanamke anaaga maisha yake yote, unataka nimwandikie mabuti?"

"Mabuti," akasema.

Nilitoka nimenuna. Lakini nilipokaa kuandika, mabuti yale yalinisaidia kuliko kitu chochote. Salima anayaazima kwa mwanawe, ni makubwa, yanamvuka, kila hatua yanavuta maji, na yeye anayatukana njia nzima. Msikilizaji anacheka, amefungua moyo, na ndipo Salima anafika kwenye mlango wa kwanza, anasema hodi, na hakuna anayemkaribisha. Msiogope mambo madogo ya kisayansi yanayoonekana kuharibu uzuri wa sentensi yenu. Mara nyingi ndiyo yanayoibeba.

Tulirekodi mchana kutwa. Nabintu alivaa mabuti kweli na kusimama ndani ya beseni, kwa sababu alisema hawezi kusema yale maneno akiwa na kandambili. Nilimwandikia majina na maneno machache tu kwa kila nyumba. Alipofika kwenye nyumba ya tatu sauti ilimkatika. Tukasimamisha mashine, akafuta uso kwa kitenge chetu cha mawimbi, akasema, "Endeleeni." Baadaye aliniambia kwamba na yeye alihama bila kuaga.

Kipindi kikarushwa. Kesho yake, mapema, simu yangu ililia. Ni Ramazani. Alikuwa ananong'ona.

"Mama, kuya. Anavaa mabuti yangu."

Nilimkuta Bi Tatu yuko kwenye uchochoro, mabuti ya njano yanamfika mapajani karibu, gauni amelifunga kiunoni, mkono mmoja umeshika fimbo. Mwanawe yuko nyuma yake amebeba kiti, ili mama akichoka apumzike. Alikwenda mlango kwa mlango. Alisimama penye kila kizingiti, au mahali palipokuwa kizingiti, na alisema hodi, na alisubiri. Alisubiri sawasawa na vile unavyosubiri mtu aliyeko jikoni akaushe mikono.

"Hodi, Mama Sifa. Ni minye, Tatu. Naenda kwa mutoto, Kasenga. Kama nilikukosea, unisamehe. Na weye nimekusamehe." Akaanza kuondoka, akageuka. "Hata ile sufuria yangu. Ubaki nayo."

Ramazani alicheka huku machozi yanamtoka, na mimi hivyo hivyo. Tulimfuata hadi nyumba ya mwisho. Kisha akarudi kwake, akafagia barza ambayo nusu yake ilikuwa chini ya maji, akanawa kwa sabuni kama Salima alivyofanya, akampa mwanawe funguo. Vitu vyake vilitoka kwa pusipusi, mkokoteni wa kusukuma, yeye alitoka kwa miguu. Haukupita muda mrefu ukuta wa nyuma ulianguka, na paa likalala juu ya kile kitanda. Ramazani alikwenda kuangalia akaja kuniambia.

Hapa wengi wenu mngeandika mwisho. Mimi pia niliandika mwisho. Salima alikuwa amepona, nikamwacha huko juu mlimani bila neno la kusema, nikahamia kwenye mambo mengine, wezi wa nyavu, harusi, bei ya sukari. Hatari ikiisha mwandishi anaona hadithi imeisha, anatafuta hatari nyingine.

Ramazani akaja tena. Mara hii alikaa.

"Mama hale vizuri," akasema. "Hasemi na mutu. Anakaa ku dirisha anaangalia ziwa kule chini, siku muzima. Majirani wanamusalimia, anaitika, inaisha. Jana aliniuliza: Salima anafanya nini siku hizi, mbona simusikii?"

Niliingia studio, nikawaita wote, nikawaeleza. Mama mzee ametolewa kwenye maji mzima na sasa anatufia kwenye nchi kavu. Salima anapataje jirani mpya? Mmoja akasema aende kanisani, nikamkumbusha Salima ni Mwislamu. Mwingine akasema zigawiwe sabuni na shirika fulani, wakutane kwenye foleni. Nabintu alikuwa anasuka nywele zake kwenye kona.

"Aombe moto," akasema bila kuinua kichwa.

"Moto gani? Watu wana viberiti siku hizi."

"Kiberiti iko. Lakini kiberiti haikuulizi umelala namna gani."

Mnajua, wanangu, au labda nyumbani kwenu mna gesi na hamjui: asubuhi, mbabula ya jirani ikishika, unakwenda na kipande cha bati, unaomba kaa moja la moto uwashie yako. Unapewa. Unauliza habari za watoto, unaambiwa nani anaumwa, kaa linaanza kufifia, unakimbia. Ndivyo mama zetu walivyojuana. Niliandika kipindi kizima juu ya hilo peke yake: Salima na kibati chake, anasimama mbele ya mlango wa mtu asiyemfahamu, anataka kurudi, anakohoa kidogo, anasema hodi. Dokta alisoma akakosa la kukata. Akaongeza tu kwamba mbabula ikae nje, moshi wake ni mbaya ndani ya nyumba. Hakuna labda hata moja, nimeitafuta.

Kilirushwa, na kwa siku kadhaa sikusikia kitu. Nilimwogopa Ramazani. Nikiona pikipiki inapunguza mwendo mbele ya redio, naingia studio nafunga mlango.

Hakuja yeye. Alikuja mwanamke kijana, mtoto mgongoni, jirani yao wa kule juu Kasenga, na aliniuliza kama ni mimi ninayeandika mambo ya Salima. Nikasema ni mimi, nikavuta viti viwili, tukakaa.

"Kuko koko moja, bibi muzee, pembeni ya kwetu," akasema. "Hasemake na mutu. Sasa asubuhi ya leo amekuya na kibati. Anaomba moto. Nimemupa kaa kubwa, na nimemusindikiza mpaka kwake, nisimuache aungue." Akamsogeza mtoto mgongoni, akatabasamu. "Nimekuta mbabula yake inawaka, mama. Chai iko inachemka."

"Ukamwambia nini?"

"Sikusema kitu. Nimeweka ule moto yangu juu ya moto yake. Akaniambia, ikala, akanivutia kiti. Tumekunywa chai, ameniambia habari ya Kalundu yote, na sufuria ya Mama Sifa. Mutoto amelala ku magoti yake."

Nilimshukuru. Yeye akainuka, akafunga kitenge chake vizuri.

"Nilikuya kukuambia tu," akasema. "Kesho asubuhi minye siwashe. Nitaenda kuomba kwake."